Ile milima siyo ya Tanga jamani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lenu, najua mnapenda barua fupi ila hii nikiikata itakuwa sijasema nilichotaka kusema, maana nimekaa nayo moyoni toka mwezi uliopita na kila nikiinama jikoni inanirudia.

Nimeangalia dokumentari ya marehemu Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji aliyeanzisha michoro ya chui na tembo na ndege wenye madoadoa ambayo siku hizi unaikuta kila duka la watalii. Binti yangu aliniwekea kwenye simu yake, tumekaa nje ya banda langu la chakula hapa Muheza, saa nane hivi wateja wameshapungua. Filamu yenyewe nzuri, sikatai. Ilipofika kipande cha Tanga, alikofanya kazi ya mkonge ujanani, nikamwambia ongeza sauti. Maandishi yakatokea chini, TANGA, alafu mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka, kijana kavua shati anapita katikati na panga begani, na nyuma yake milima mikubwa imesimama. Nikamwambia simamisha hapo. Rudisha. Simamisha tena. Akaniuliza mama kuna nini, nikamwambia mwanangu ile siyo Tanga, ile ni Uluguru, pale ni Morogoro.

Mie sibahatishi. Nimekaa Morogoro mwaka mzima kwa dada yangu alipojifungua mapacha, kila asubuhi naanika nepi uso umeelekea ile milima, naijua ilivyousimamia mji utasema itauangukia. Ya kwetu haiko vile. Ukiwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza na Ngomeni, Usambara unaiona kule jua linakozama, imelala kwa urefu, na mlima Mlinga umejichomoza kivyake. Mtoto wa darasa la pili wa huku ukimwonyesha Mlinga kwenye picha atakutajia jina kabla hujamaliza kuuliza.

Na kama milima haitoshi, zipo nguzo. Kamera ilipozunguka, nyuma ya mkonge zikapita nguzo zimepangana na nyaya juu yake, zile za treni ya umeme ya SGR, na treni ile imeanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro mwaka 2024. Tingatinga mkonge wa Tanga kaufanyia kazi miaka ya 1950. Reli yetu huku ni ileile ya Mjerumani, ujenzi wake ulianza 1893, ikafika Muheza 1896 na Korogwe 1902, waya wa umeme haijawahi kuuona juu yake hata siku moja. Sasa huyo kijana wa kwenye filamu anakata mkonge wa wapi?

Ningenyamaza kama wangekuwa hawajui. Wanajua. Mwaka jana mwezi wa saba nilipigiwa simu na kijana mmoja wa kampuni iliyotengeneza filamu hiyo, jina lake nalihifadhi na la kampuni pia, sikukaa kuandika ili nimchafue mtu. Namba yangu alipewa na dereva wa basi anayekula kwangu. Akaniambia shikamoo mama, tunatafuta lokesheni za mkonge huko Tanga, tumeambiwa wewe umezaliwa kambini. Kweli nimezaliwa kambini. Baba yangu ametoka Tunduru kama alivyotoka Tingatinga, kaja kukata mkonge miaka hiyohiyo, na mie mwenyewe nimefanya kazi ya kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, toka 1986 mpaka 1997, ukinishika kiganja hata leo utajua. Nikamwambia umefika mwanangu, nipe wiki moja.

Nilizunguka siku nne. Banda nilimwachia binti, hela ya bodaboda natoa mwenyewe, sikuona tabu maana nilikuwa na furaha kwamba kuna watu hatimaye wanakuja kupiga picha huku kwetu siyo kwa ajili ya mapango ya Amboni wala ufukwe wa Raskazone, wanakuja kwa ajili ya mkonge na waliouchanja. Kazi ngumu ilikuwa kupata kambi ambayo nyumba zake za zamani bado zimesimama, zile za mstari mmoja, mlango mmoja chumba kimoja, maana kambi nyingi zimeanguka au watu wameezua mabati wakaondoka nayo. Nikaipata moja, vyumba kumi na mbili kwenye mstari, nane vina watu na vinne ni vya popo. Kuna mlango mmoja namba yake inasomeka bado, imeandikwa kwa rangi nyeupe iliyopauka ikawa kama chokaa. Nikapata na kipande cha reli ya shamba, ile nyembamba ya kupitishia troli za majani, hatua kama thelathini hivi imezama kwenye nyasi, niliiokota kwa mguu siyo kwa macho. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akasema hana tatizo, waje na kibali cha Bodi ya Filamu na wapite kwa mtendaji. Nikaenda kwenye shamba moja ambalo korona yake, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, bado inasaga, msimamizi akakubali waje asubuhi mashine inapowashwa.

Alafu nikampata babu.

Huyu babu ana miaka 91. Mmakua wa Tunduru, kaja Tanga 1954 na hajarudi kwao mpaka leo zaidi ya mara mbili za msiba. Nilipomwambia kuna watu wanatengeneza filamu ya Tingatinga na wanataka kusikia vijana wa Tunduru walivyokuwa wanaishi kambini, hakunijibu, akaingia ndani. Nikadhani kaudhika. Kumbe kaenda kutoa kopo la maziwa ya unga, lile la bati, ndani kuna kitambaa, ndani ya kitambaa kuna kipande chake. Wasomaji vijana naomba niwaeleze, kipande ni kadi ya kazi. Karatasi ngumu ya kahawia ina vyumba 30, kila siku ukimaliza kazi yako nyapara anakuwekea alama kwenye chumba kimoja, ukiugua hakuna alama, kazi ukiishia nusu hakuna alama, mpaka vyumba vyote 30 vijae ndo ulipwe. Hicho cha babu kina alama 22. Kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka, ukikiinua mwanga unapita kwenye vitobo. Nikamuuliza hizi nane zilizobaki vipi babu, akasema nililazwa homa, nilipotoka wakanipa kipande kipya, hiki nikabaki nacho, nakidai mpaka leo.

Nilimpigia yule kijana palepale nikamwambia njoo haraka.

Wakasema wanakuja Alhamisi. Jumatano nikafua kanzu ya babu na kuipiga pasi, mjukuu wake akamnyoa. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu nimefika pale tayari kakaa kwenye benchi, kofia kichwani, kopo la maziwa mapajani. Msimamizi wa shamba naye katuma mtu kuuliza wageni wamefika wapi. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Jua likahamia kwenye benchi tukamsogeza babu chini ya mwembe. Saa tano na dakika kumi simu ikaita, mama samahani sana, bajeti imebana, dairekta ameamua tushuti upande wa Morogoro kwenye mkonge wa njiani, ni karibu na Dar, kwenye picha haina tofauti, mkonge ni mkonge.

Mkonge ni mkonge. Hilo neno ndo limenifanya niandike barua hii.

Kwanza tuanze na mmea wenyewe. Mkonge wa nchi hii umeingilia kwetu. Mjerumani mmoja anaitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kule Marekani mwaka 1893, ikapita Ujerumani, njiani ikafa karibu yote, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe huko Pangani. Hiyo 62 ndo mama wa mkonge wote mnaouona, wa Korogwe, wa Kilosa, na huohuo wa njia ya Morogoro waliouandika Tanga. Miaka ya 1960 mwanzoni nchi hii ilikuwa ya kwanza duniani kwa katani, mwaka 1964 zilitoka zaidi ya tani laki mbili, na jimbo lililobeba mzigo mkubwa kuliko yote ni hili letu. Bei ikaanguka, nailoni ikaingia, mengine mnayajua. Ila Tingatinga kafika Tanga wakati mashamba yako kwenye nguvu zake, wakati kila ukigeuka unaona nyaya za singa zimeanikwa nyeupe kama nywele za kikongwe, na treni inashusha robota bandarini usiku na mchana.

Pili, watu. Baba yangu alikuwa anatuambia kwamba Mbondei na Mdigo mwenyeji hakupenda kazi ya mkonge, ana shamba lake na minazi yake, atafute nini kwa nyapara. Kwa hiyo wenye mashamba wakawafuata vijana wa mbali. Walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua iliitwa SILABU, ilianza 1944, inawakusanya watu Songea, Njombe, Kigoma, mpaka Urundi na Msumbiji, wanapandishwa malori na treni, kila mtu kapewa namba, na hiyo namba ndo imezaa jina la manamba. Baba hakulipenda jina hilo mpaka anakufa. Ukimwita manamba hata kwa utani anaondoka kwenye kikao. Lakini kambini hapohapo ndo palipokuwa na makabila ambayo huko kwao yasingekutana, chumba hiki Mngoni, kinachofuata Mmakonde, kinachofuata Mrundi, chetu sie Wamakua, na Jumamosi jioni ngoma zinashindana, huku lizombe huku sindimba, sie watoto tunakimbia katikati hatujui twende wapi. Kiswahili changu hiki nimekipata hapo kabla sijaiona shule.

Kijana wa Tunduru, kazaliwa 1932, anatoka kijijini kwao anaingia kwenye hali hiyo akiwa na miaka ishirini na kitu. Dairekta anaona hicho ni kitu cha kubandika kwenye picha yoyote yenye majani ya mkonge?

Na kazi yenyewe wameionyesha kiuongo. Yule kijana wao anatembea na panga refu begani kama anakwenda kufyeka pori. Mkata mkonge anatembea kainama. Unashika jani kwa mkono wa kushoto, unakata kwenye shina, kisha unaondoa ule mwiba wa nchani maana ndo unaotoboa macho, unapanga majani 30 unafunga tita moja kwa jani lenyewe, unabeba mpaka kwenye njia ya troli, unarudi. Utomvu ukikugusa ngozi inawasha mpaka unajikuna damu, ndo maana hakuna mkata mkonge anayevua shati hata jua liwakeje. Babu nilipomwelezea kwamba kijana wa kwenye filamu alikuwa kifua wazi alicheka kidogo kisha akanyamaza, akaniuliza walimwambia nini huyo mtoto, hawakumhurumia?

Sehemu ya singa hawakuigusa kabisa, na hiyo ndo naijua zaidi. Majani yakishapita kwenye korona yanatoka nyuzi za kijani zimelowa, zinateleza mkononi kama samaki, maji machafu yanapita chini kwenye mtaro na harufu yake ukiizoea hutaisikia tena ila mgeni anatapika. Kwenye kila kilo 100 za majani utapata katani kama kilo 4 hivi, iliyobaki yote ni maji na makapi. Tunazipokea mashada, tunakung'uta, tunatandaza kwenye nyaya. Asubuhi ni za kijani mpauko, ikifika saa tisa jua limezifanya nyeupe zina mng'ao, upepo ukipita uwanja mzima unatikisika pamoja. Nimefanya kazi ile miaka kumi na moja nimechukia mambo mengi, mshahara nimeuchukia, vumbi la chumba cha brashi nimelichukia limeniachia kikohozi, lakini ile saa tisa uwanja ukishakauka sikuwahi kuichukia. Ningekuwa mie ndo nabeba kamera ningekaa hapo mpaka jua lizame. Mtu aliyekuja baadaye kuwa mchoraji macho yake yalipita kwenye vitu hivi, na filamu kuhusu mchoraji si inatakiwa ituonyeshe macho yake yalipita wapi?

Kuna kitu kingine ambacho kama wangefika Tanga wangekiona bila hata kuambiwa na mtu. Filamu inaeleza vizuri sana kwamba Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 kule Dar hakuwa na rangi za wachoraji, alitumia rangi ya kupakia baiskeli, anachora kwenye vipande vya hadibodi vya mraba vya kama sentimita 60 kila upande. Sawa. Alafu wakatuonyesha kopo la rangi liko mezani, basi. Jamani, Tanga ni mji wa baiskeli! Nenda Ngamiani, barabara yoyote kati ya zile za namba, utakuta fundi kaning'iniza fremu ya baiskeli kwenye waya, kaipiga msasa mpaka chuma kimeonekana, anaipaka kwa brashi nyembamba taratibu, akiona tone linataka kuteremka analiwahi kwa ncha ya brashi analirudisha juu. Rangi ile ina mng'ao mzito na haikauki upesi, vumbi likitua imeharibika, ndo maana wengine wanafanya jioni upepo ukitulia. Mie sisemi Tingatinga aliijulia rangi hiyo Ngamiani. Nasema ukitaka mtazamaji aelewe rangi ya baiskeli ni kitu gani, inanukaje, inavutikaje, kwanini chui wake wanang'aa vile, lokesheni yako ni pale kwa fundi, ni hela ya soda tu, na ungekuwa umeshafika Tanga hivyo.

Sehemu nyingine za filamu nawapongeza kwa moyo wote. Tunduru walikwenda, na Tunduru kutoka Dar ni mbali mara mbili ya Tanga na zaidi, kwa hiyo hilo la bajeti sijalielewa vizuri. Nilipoona ule udongo wa Tunduru nililia, sijawahi kufika kwao baba. Dar nako wamekwenda palepale Morogoro Stores kule Oysterbay ambako yeye na wenzake walikuwa wanauzia, wamepiga picha wachoraji wa sasa wamekaa chini wamezungukwa na makopo, mmoja anaweka madoa kwenye shingo ya twiga, doa, doa, doa, haangalii kamera wala nini. Wakaonyesha na usiku ule wa 1972 polisi walipompiga risasi wakidhani ni mhalifu anakimbia, wakaonyesha kwa heshima, barabara tupu na taa, hakuna wa kuigiza. Hapo walijua kwamba mahali penyewe panatosha. Ndo maana nauliza, kwanini kote huko walijua, Tanga wakasahau?

Amechora miaka minne tu yule bwana, 1968 mpaka 1972, kafa na miaka 40. Kabla ya hiyo minne kuna miaka mingi ya jasho, mkonge, kazi za nyumbani kwa Mzungu, vibarua vya hapa na pale, mpaka akapata kazi Muhimbili. Huo mkonge kwenye filamu nimeuhesabia kwa saa ya simu, sekunde 38. Na hizo 38 zenyewe ni za Morogoro.

Nimeambiwa na mtu mmoja hapa bandani, mteja wangu, kwamba mama we unahangaika bure, sinema zote ziko hivyo, wanashuti Bagamoyo wanasema ni Zanzibar, wanashuti Kigamboni wanasema ni kijijini. Nikamwambia sinema ya kuigiza sina ugomvi nayo, mle kila mtu anajua tunadanganyana kwa kukubaliana. Dokumentari ni ushahidi. Ukiandika TANGA chini ya picha umekula kiapo. Mtoto wa shule wa Lindi au wa Mwanza ataangalia ataamini milima ya Tanga ni ile, na wa Morogoro atakayeijua milima yake ataacha kuamini na yale mengine ya kweli yaliyomo, hata Tunduru ataona ni uongo. Kama bajeti kweli ilibana, wangeandika hivi ni mkonge wa Morogoro unaofanana na ule aliokata Tanga. Maneno machache tu na nani angewalaumu? Mie babu nilipomleta sikuwaambia hapa ndipo alipolala Tingatinga. Niliwaambia hivi ndivyo walivyolala vijana wa Tunduru. Ningeweza kuwadanganya, wangejuaje, na pengine wangekuja.

Mji wetu unasifiwa wa waja leo waondoka leo, wageni wanafika wanapiga picha wanapata walichotaka wanakwenda zao, tumezoea. Safari hii hata kuja hawakuja, jina letu tu ndo limechukuliwa.

Sidai hela ya siku zangu nne. Ninachoomba kwa hao vijana, na najua gazeti hili wanalisoma, ni mambo mawili. Hayo maandishi ya TANGA yaondolewe kwenye ule mkonge, hiyo ni kazi ya kuediti ya nusu saa binti yangu kaniambia. La pili waje. Sekunde 38 zilezile wazijaze na mkonge wa hapa, wakitaka kuongeza waongeze. Kambi bado ipo ingawa chumba kimoja kati ya vile vinne kimeshadondoka ukuta wa nyuma toka waliponipigia. Korona bado inasaga, msimamizi nimeongea naye tena wiki iliyopita, hana kinyongo, anasema waje siku za kazi saa kumi na mbili na nusu wakute inawashwa. Fundi wa Ngamiani nitawapeleka mwenyewe.

Na babu yupo. Kila nikipita ananiuliza wale vijana wamefika wapi, mwanzo nilikuwa namwambia wako njiani, siku hizi nimeshindwa, nilimwambia ukweli kwamba wameshamaliza na sisi hatumo. Akauliza na kipande je, hawakukitaka? Nikamwambia hawakukiona babu. Akasema basi wangekiona. Kopo lake kalirudisha chini ya kitanda ila kanionyesha liko upande gani, ili wakija akiwa amelala nijue pa kulichukua.

Masikio yake yameanza kuzidiwa, asubuhi anasikia vizuri kuliko jioni, na akichoka anarudi Kimakua kitupu, kwa hiyo waje mapema na wakae karibu naye. Njia ya kuingia kambini mvua za vuli zikianza haipitiki kwa gari dogo, wakija kabla ya mwezi wa kumi watafika mpaka chini ya mwembe. Chakula cha watu wote nitapika mie.

Ahsante mhariri kwa kunivumilia.

Mama lishe, mtoto wa kambini,
Muheza, Tanga